Baba Alipokuwa Mkurugenzi

Duka langu la dawa za mifugo liko Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, katikati ya kanisa la ghorofani na ofisi ya kuuza ploti. Kutwa nzima nasikia watu wakiahidiwa mbingu upande mmoja na ardhi upande wa pili, na mimi katikati yao nauza dawa ya kupe. Mbele ya duka niliweka benchi kwa ajili ya wateja, lakini mwenye benchi hasa alikuwa baba yangu. Alifika kila asubuhi kutoka nyumbani Kisaju, akaketi na fimbo na redio yake, na kila aliyenunua dawa aliulizwa ng'ombe wake anaumwa nini, kisha akaambiwa kwamba dawa hiyo ni ghali mno. Mimi ni binti yake, na nampenda. Lakini nilikuwa nikimwomba Mungu amtafutie kazi ya kufanya, mbali kidogo na benchi langu.

Kazi ilikuja yenyewe, imevaa suti ya buluu iliyombana kila mahali na viatu visivyo na soksi. Alikuwa kijana aliyekuja kununua dawa ya viroboto vya mbwa wake. Alijitambulisha kuwa kocha wa biashara. Nilipokuwa nikitafuta dawa rafuni, nikamsikia akimgeukia baba.

"Mzee, uko na ng'ombe?"

"Niko nao."

"Wangapi?"

Kwetu swali hilo haliulizwi. Ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, na mtu mwenye adabu hutazama boma akaona wapo, basi. Baba alitazama ng'ambo ya barabara akasema, "Wapo."

"Ona sasa!" kijana akasema kwa furaha, kama daktari aliyegundua ugonjwa. "Huwezi kusimamia kitu hujui ni ngapi. Mzee, wewe si mfugaji. Wewe ni CEO analala."

Nilidhani baba angemwinulia fimbo. Badala yake aliomba kadi. Kijana akamwalika kwenye semina ya siku moja katika hoteli moja ya pale mjini, chai na chakula cha mchana vikiwemo, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba benchi litapumzika.

Baba alirudi kutoka semina akiwa na faili la plastiki na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kitambulisho hicho alikivaa kanisani Jumapili. Jioni yake akatuita mkutano nyumbani. Mkutano ulikuwa na watu watatu, yaani yeye, mama na mimi, lakini ulifunguliwa kwa maombi na ulikuwa na ajenda.

"Tunaanza na maono," alisema. "Halafu dhamira. Halafu malengo."

Mama alikuwa akiosha vibuyu vya maziwa. "Dhamira ni nini?"

"Ni ile sababu tuko hapa."

"Mimi niko hapa sababu uliniposa."

Baba aliandika kitu kwenye faili. Sijui aliandika nini, lakini naamini si hilo.

Kabla sijaenda mbali, inafaa nieleze ng'ombe wa nyumbani ni wa nani. Ukimuuliza baba, ni wake. Ukiulizia maziwa, utaambiwa ni ya mama, na hakuna mwanamume anayetia mkono hapo. Kila alfajiri mama alikamua, akajaza mitungi, akaipakia kwenye pikapu inayopita barabarani, na kabla jua halijakaa sawa mahoteli ya Kitengela yalikuwa yanachemsha chai kwa maziwa yake. Maziwa hayo ndiyo yaliyonisomesha. Ndiyo yaliyonifungulia duka. Kwa maziwa hayo mama hakuwahi kumwomba mtu yeyote hata kiberiti, na ukitaka kumjua mama, mjue kwa hilo.

Na maziwa hayo yote yalitoka kwa ng'ombe mmoja na uzao wake. Mwaka niliozaliwa, rafiki wa baba kutoka Kimuka, kule upande wa Ngong, alimletea mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Hakuwa amenunuliwa, wala hakuwa deni. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, jina lako na lake huishia hapo. Kuanzia siku hiyo mnaitana Pakiteng, nyinyi wawili, kwa sababu ya ng'ombe aliyepita kati yenu, mpaka mmoja azikwe. Nilikua nikidhani mzee wa Kimuka alibatizwa jina hilo. Baba naye kwa miaka mingi alipeleka ng'ombe wake huku na kule: wengine kwa Pakiteng huyo Kimuka, wengine kwa jamaa zake karibu na mji wa Kajiado, wengine mbele zaidi. Wao nao walituletea ng'ombe wao. Ukipita bomani mwetu huwezi kusema kwa hakika nani ni wa nani. Nyasi zikiisha huku, kule zipo. Ugonjwa ukiingia kule, huku wamepona. Hakuna aliyekuwa na faili la jambo hilo.

Kocha aliupa mpango huo jina. Aliuita mtawanyiko wa rasilimali, na alisema ndio unaoua Waafrika.

"Lengo la kwanza," baba akasoma, "ni kuwaleta ng'ombe wote nyumbani. Wote. Mahali pamoja, chini ya usimamizi mmoja. Ranchi ya mfano."

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Ili waonekane."

"Waonekane na nani?"

"Wawekezaji."

Mama aliacha kibuyu. "Baba Nani," alisema, maana akikasirika huwa hamalizii jina la mtoto, "ukiwaleta wote hapa, wangu watakula nini? Na wakija na magonjwa yao?"

Hapo nikaona zamu yangu imefika, maana jambo hilo ndilo kazi yangu. Nikasema vizuri, kwa heshima, kwamba ng'ombe wanaotoka mahali pengine wanatengwa kwanza, boma lao peke yao, maji yao peke yao, wiki kadhaa, mpaka tujue wamekuja na nini. Nikasema wachanjwe. Nikasema wasije wote kwa pamoja.

"Hiyo itatupeleka wapi na tarehe?" baba akasema.

"Tarehe gani?"

Kumbe kulikuwa na tarehe. Kocha alikuwa amewafundisha kwamba lengo lisilo na tarehe ni porojo, na baba alikuwa amechagua Jumamosi ya uzinduzi, na mwakilishi wa mheshimiwa fulani alikuwa ameshaalikwa, na hema lilikuwa limeshawekwa oda. Ng'ombe walikuwa na afya zao, sisi tulikuwa na tarehe yetu, na wa kungoja ni ng'ombe.

Nilimwambia baba huo ni upuuzi. Nililitumia neno hilo hilo. Akaniambia kwa upole, akiwa ameshika kitambulisho chake kifuani, kwamba woga wangu umetokana na kukaa sana kwenye sehemu ya starehe. Mimi! Ninayefungua duka kabla ya jogoo na kubeba magunia ya chumvi ya ng'ombe kwa mgongo huu!

Kisha akagawa vyeo. Yeye akawa Mkurugenzi. Mama akawa Meneja wa Uzalishaji. Mimi nikawa Afisa wa Afya, cheo kikubwa sana, ambacho mwenye nacho haruhusiwi kusema neno kuhusu afya.

Wiki zilizofuata zilikuwa za pilikapilika. Bango kubwa liliwekwa langoni, picha ya ng'ombe wa kizungu mweusi kwa mweupe ambaye hatujawahi kuwa naye, na maneno "Maono Yetu Hayana Mpaka". Mpaka tulikuwa nao, tena wa seng'enge, na siku mbili baadaye fundi wa bango aliukata ili gari lake lipite. Mchungaji wa ng'ombe akashonewa ovaroli yenye maandishi mgongoni, na ng'ombe wakamkimbia mpaka alipoivua. Benchi langu likawa wazi, nami nikagundua nalikosa lile domo la baba.

Mama aliendelea kukamua. Ila nilimwona jioni moja akipitisha mkono mgongoni mwa ng'ombe wake mmoja mmoja, pole pole, kama mtu anayefunga mizigo.

Ng'ombe wakaanza kurudi. Jamaa wa Kajiado waliwatoa bila kugomba, lakini pia bila kumpa mchungaji wetu chai, na kwetu hilo ni kubwa kuliko matusi. Kundi la mwisho lilifika asubuhi ya Jumamosi yenyewe, hema likiwa limeshasimama. Waliswagwa kutoka mbali, na mswagaji, ili apumzike, alikuwa amelala nao usiku kucha kando ya mnada, mahali ambapo ng'ombe wa dunia nzima hunywa kwenye hori moja.

"Hawa watengwe," nilimwambia baba. "Hawa tu. Nakuomba."

"Wageni wanaingia," akasema. "Baada ya picha."

Mzee wa Kimuka naye alikuja siku hiyo, na alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye lori na ng'ombe wa baba aliowatunza, wamenona, wanang'aa. Amejifunga shuka lake jekundu, kofia ya sufu kichwani. Aliwapita wageni wote wenye suti, akaenda moja kwa moja hadi kwa baba, akamnyooshea mkono amsalimu.

"Sopa, Pakiteng."

Nilikuwa hapo karibu nikigawa maji ya chupa. Baba alimtazama, akamtazama kocha aliyesimama begani kwake, akamtazama mwakilishi wa mheshimiwa. Akacheka kidogo kile kicheko cha watu wa hotelini.

"Leo hapa tunatumia vyeo, rafiki yangu. Niite Mkurugenzi."

Yule mzee alikaa na mkono wake hewani kwa muda. Kisha akaurudisha ndani ya shuka. "Sawa," alisema. Akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na wapishi, na nilipompelekea soda akanishukuru kwa jina langu la utotoni. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Ningeweza kumnyang'anya baba maikrofoni.

Maikrofoni alikuwa nayo kocha. Alitueleza kuhusu tai. Sijui kwa nini watu hao wote wanapenda tai. Sisi tunawajua tai, wanakula mizoga ya ng'ombe wetu, lakini wazee walipiga makofi kwa sababu chakula kilikuwa kinanukia. Halafu akaja mpiga picha na kile kidege chake cha kamera kinachonguruma. Kilipopaa, ng'ombe walitawanyika pande zote, na tukaona jinsi walivyo wachache kwenye uwanda mkubwa kama ule.

"Wasonge!" mpiga picha akapaza sauti. "Wasonge wakae wengi!"

Basi wakasongwa. Waliozaliwa Kimuka, waliolishwa Kajiado, waliolala mnadani, na wale wekundu wa mama wenye mabaka meupe usoni, wote wakabanwa kwenye kona ya boma, ubavu kwa ubavu, pua kwa pua. Hapo ndipo nilipomwona ng'ombe mmoja wa lile kundi la mwisho. Alikuwa akitafunatafuna bila kitu mdomoni, na ute mrefu ulikuwa ukimning'inia mpaka chini. Akainua mguu mmoja, akauchezesha, akauweka. Ng'ombe wa mama aliyekuwa kando yake akageuka akamlamba usoni.

Nilipita katikati ya viti mpaka mbele. Nikamwinamia baba sikioni nikamwambia anachoumwa yule ng'ombe. Ugonjwa wa miguu na midomo, nilimwambia, na nikamwambia awatoe wote pale sasa hivi.

Baba hakugeuza kichwa. Alikuwa akitabasamu kwa kamera. "Afisa wa Afya," alisema kwa sauti ya chini, "leta ripoti Jumatatu."

Jumatatu hapakuwa na haja ya ripoti. Kundi lote la mwisho lilikuwa likidondosha ute, na kabla ya wiki kuisha ni boma zima. Ng'ombe walisimama kama watu waliovaa viatu vya kuazima, hawataki kukanyaga. Vidonda vilifunguka midomoni, kwenye kwato, halafu kwenye chuchu, na mama alipokwenda kukamua, yule mkubwa wa wekundu, asiyewahi kumdhuru hata nzi, alimpiga teke. Mama alikaa chini kwenye kinyesi akiwa na kibuyu kitupu na hakuinuka haraka. Watu wa mifugo wa kaunti walikuja, wakatazama, wakafunga. Karantini. Mnyama asitoke, asiingie, maziwa yasivuke lango. Majirani wote wakafungwa pamoja nasi, na minada ikanyamaza, na nilijua kila aliyepita mbele ya duka langu alikuwa akisema ugonjwa ulianzia kwa nani.

Wakubwa wengi walipona, maana ugonjwa huo si lazima uue mkubwa. Huua ndama. Ndama wa mama walikuwa wakicheza asubuhi, na jioni mmoja anaanguka kana kwamba amesukumwa. Niliwachoma sindano zote nilizokuwa nazo dukani na nilijua ninajidanganya. Na mama zao walipopona, maziwa hayakurudi. Chuchu ziliharibika, viwele vikawa vigumu. Mahoteli ya Kitengela hayakungoja. Yalipata maziwa kwingine, na mama, siku moja, mbele yangu, alimwomba baba hela ya sukari. Nililia njia nzima kurudi mjini, na wala sikujali abiria walionitazama.

Baba alimpigia kocha simu. Aliiweka kwenye spika ili na sisi tusikie ushauri.

"Mzee, pole sana," kocha alisema. "Lakini hiyo si hasara. Hiyo ni data! Tena niko na semina mwezi ujao, kuhusu kusimamia majanga. Nitakupea bei ya rafiki."

Baba alikata simu. Alikaa akilitazama lile faili. Kitambulisho alikuwa amekivua, lakini sikumwona alipokivua. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga kwa wiki nyingi, makali, na yote yalikuwa ya kweli. Nilimtazama shingo yake ilivyokuwa nyembamba bila ile kamba, nikayameza.

Karantini ilipoondolewa, mvua zikawa zimenyesha na uwanda wa Kisaju ni kijani. Baba alirudi kwenye benchi langu, bila redio. Wateja walinunua dawa na hakuwauliza lolote. Alikuwa akisema anataka kwenda Kimuka. Alisema hivyo kila siku, na kila siku alipata sababu ya kutokwenda.

Kimuka ilikuja yenyewe. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, tumekaa nje ya nyumba tunakunywa chai ya rangi, maana ya maziwa hatukuwa nayo. Pikapu ilisimama langoni, chini ya bango ambalo hakuna aliyepata moyo wa kuling'oa. Yule mzee akashuka, akafungua nyuma, akamteremsha mtamba. Mwekundu. Baka jeupe usoni. Mimi ninajua koo za ng'ombe kuliko ninavyojua binamu zangu, na nilimjua palepale: alikuwa wa ukoo ule ule wa ng'ombe wekundu wa mama, amezaliwa na ng'ombe aliyekwenda Kimuka zamani na kuacha mbegu kule. Baba alipowaita wote nyumbani, huyu hakuwa katika hesabu, kwa kuwa waliozaliwa huko walikuwa wa mwenye boma.

Mzee akaingia akimvuta polepole kwa kamba. Akatusalimu sisi wanawake kwanza. "Takwenya," akasema, na mama na mimi tukaitikia, "Iko." Kisha akasimama, akapandisha shuka begani, akaita kwa sauti ile ile niliyoisikia tangu nikiwa mtoto.

"Pakiteng."

Uso wa baba ulifunguka. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka hivyo. Aliinuka nusu kwenye kiti chake cha plastiki, mkono umeshatangulia mbele, na akaitikia.

Lakini mzee hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amemnyooshea mama kamba. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaitikia kwa sauti ndogo, "Pakiteng," akiijaribu, kwa kuwa hakuwahi kuitwa hivyo na mtu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Baba alibaki hivyo hivyo, nusu amesimama, mkono mbele. Mgeni wetu akageuka akamwona, na akazungumza naye kwa heshima zote, bila chembe ya kejeli, ambayo kama ingalikuwapo ningalifarijika.

"Mkurugenzi," alisema, "tafadhali sogeza kiti kidogo, mama apite na ng'ombe wake."